Kilemba cha Fundi na Cheti cha Serikali

Katika mwambao wetu, zamani kabla ya vyeti vya karatasi, ufundi wa mtu ulitambuliwa kwa kilemba. Mwanagenzi alipokwisha kuiva katika kazi alimpa mwalimu wake zawadi iliyoitwa kwa jina hilo, na kwa kuipokea fundi alikuwa amekiri kwamba mwanafunzi wake sasa aweza kushika kazi peke yake.

Tutazame uundaji wa majahazi. Waundaji hawakuchora chombo kwenye karatasi. Kipimo chao kilikuwa jicho na mkono. Mwanagenzi alianza na kazi ndogo, kama kutoboa mbao kwa keekee na kukalafati kwa pamba na mafuta. Ilimpasa kungoja miaka kabla ya kuaminiwa kuchonga taruma kwa tezo, tena katika mti uliojipinda wenyewe porini. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya kuulizwa maswali: chombo chake kilikuwa majini, na kama kilivuja kila mtu aliona.

Hatusemi kwamba utaratibu huo haukuwa na kasoro. Sifa ya fundi ilifika pale tu lilipofika jina la mwalimu wake. Akihamia mji wa mbali, ilimbidi aanze upya kujulikana. Na mwalimu mchoyo aliweza kumchelewesha kijana ili aendelee kufaidi nguvu zake. (Lugha yetu ina pia kilemba cha ukoka, yaani sifa asiyostahili mtu.)

Ukoloni ulileta kipimo kingine. Mwashi aliyejenga nusu ya mtaa aliweza kuhesabiwa kibarua kwa kuwa hakukaa darasani, na mshahara wake ukafuata hesabu hiyo. Mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, katika Kenya na Tanganyika, ndiyo iliyowafungulia mlango baadhi ya waliojifunzia kazini.

Mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kijana amalizaye kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na ushuhuda wa mahali pa kazi ukawa sehemu ya sifa zake. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, lakini wazo halikufa. Sheria ya 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ambayo baadaye ilianza kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya vyuo. Waashi, maseremala, makanika na wapishi hupimwa kwa kazi yao wenyewe, hufundishwa yale yaliyopungua, kisha hupewa cheti.

Hapo ndipo mtahini wa leo anapokaa katika kiti cha fundi wa zamani. Tofauti yao ni kwamba fundi yule alimtazama mwanagenzi kwa miaka, na mtahini ana siku chache tu za kuitazama mikono ya mgeni.