Kabla ya Kuonja Divai ya Franschhoek

Mtalii akifika Franschhoek huhadithiwa kwanza Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya dini na kufika huko kuanzia mwaka 1688. Hata jina la mji, yaani kona ya Wafaransa, linauza chupa. Sawa, lakini jembe alishika nani? Watumwa, wengine wao kutoka Madagaska na Msumbiji, nchi ambayo pwani yake ya kaskazini inasema Kiswahili.

Utumwa ulifutwa mwaka 1834, ila waliachiwa hasa mwaka 1838, baada ya kuwatumikia mabwana walewale miaka 4 zaidi. Mwaka 1843 kilianzishwa kituo cha misheni cha Pniel, kwenye njia ya Stellenbosch. Hapo walipata viwanja vya nyumba na bustani, si mashamba ya mizabibu. Waliobaki vibarua mashambani walizidi kulipwa sehemu ya ujira kwa divai, desturi iliyoharibu familia nyingi.

Kwa hiyo utalii ulipokuja, mwenye ardhi alikuwa na cha kuuza: divai, chakula, chumba. Wajukuu wa watumwa walikuwa na mikono yao. Pniel ina makumbusho yake, nayo iko njiani.