Super Sema na Dhalimu Asiye na Maslahi

Super Sema, mfululizo wa katuni wa kampuni ya Kukua ya Nairobi, ulianza kuonyeshwa YouTube Machi 8, 2021, Siku ya Kimataifa ya Wanawake. Sema ni msichana wa mji wa kubuni uitwao Dunia, katika Afrika ya siku zijazo. Yeye na pacha wake MB wanapambana na Tobor, roboti katili anayeutawala mji huo. Lupita Nyong'o, mmoja wa watayarishaji wakuu, ndiye sauti ya Mama Dunia.

Kwa upande wa uwakilishi, sura na jina la Sema ni hatua ya wazi, lakini lenye uzito zaidi ni chimbuko la uwezo wake. Superman alizaliwa na nguvu zake. T'Challa wa Wakanda alirithi kiti cha enzi. Sema hana ukoo wa kifalme. Akibanwa na Tobor, hutumia sayansi na ubunifu kuunda chombo cha kumwokoa. Huo tayari ni msimamo wa kisiasa, kwani uwezo unaofundishika hauwezi kuhodhiwa na nasaba moja.

Udhaifu uko upande wa Tobor. Ubaya wake unatokana na kukosa moyo zaidi kuliko maslahi yoyote, na mashine, bila shaka, haina ubalozi wa kulalamika. Kwa katuni inayouzwa duniani kote, tahadhari hiyo inaeleweka. Hata hivyo, mtoto wa Itumbe anayemtazama Sema anakaa katika nchi ya Gusii, ambako kisa cha mwanamke aliyekabili dola kina pande zote mbili, shujaa na mtawala wa kweli. Moraa wa Ng'iti, mganga na nabii, aliwahimiza vijana waukatae utawala wa Waingereza, uliokwisha kufika na bunduki za rasharasha mwaka 1905 na kuteka mifugo. Januari 1908, mmoja wa vijana hao, Otenyo Nyamaterere, alimchoma mkuki ofisa wa kikoloni G. A. S. Northcote. Northcote alipona. Kikosi cha adhabu kilichotumwa kiliteketeza nyumba, kikaswaga ng'ombe na kuua watu wengi kiasi cha kumfanya hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, kuhoji mauaji hayo kwa maandishi.

Moraa ana kila anachohitaji shujaa wa televisheni: maono, ujasiri na adui mwenye silaha bora. Lakini kisa chake hakisimuliki bila kutaja ng'ombe, nyumba zilizochomwa, na wakubwa waliotoa amri. Humo ndimo siasa ilimo, na ndicho kinachokosekana katika mji wa Dunia.

Katuni nyingine ya mashujaa, Supa Team 4 ya Malenga Mulendema wa Zambia, iliyotoka Netflix mwaka 2023, inawapa wasichana wanne wa Lusaka kiongozi, Mama K, jasusi mstaafu. Uwakilishi unapanuka, ila shujaa anahama kutoka karakana kwenda kwenye ujasusi. The XYZ Show, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2009 na mchora katuni Gado, ilishika upande wa pili, wa tashtiti: vikaragosi vyake viliwaiga viongozi halisi, vikawadhihaki kwa sura na kwa sauti, lakini havikuwa na shujaa wa kumshabikia. Katuni za mashujaa zina shujaa bila mtawala wa kweli, tashtiti ina mtawala wa kweli bila shujaa, na kisa cha 1908 kina wote wawili.