Uraia wa dunia: Maana yake na kipimo chake

DHANA ya uraia wa dunia imezoeleka mno katika hotuba na mitaala ya shule hivi kwamba wengi huitamka bila kujiuliza maana yake. Kisheria uraia huo haupo. Hakuna serikali inayoutoa.

Asili yake ni ya kale. Inasimuliwa kuwa Diogenes, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya nne kabla ya Kristo, alipoulizwa atokako alijibu kwamba yeye ni raia wa ulimwengu. Mmarekani Garry Davis, aliyekuwa rubani wa ndege za mabomu katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, alilichukua jibu hilo kwa uzito. Mei 1948 aliukana uraia wa nchi yake jijini Paris, kisha baadaye akaanza kutoa pasipoti za raia wa dunia. Zilimpeleka korokoroni mara nyingi.

Desemba 10 mwaka huo huo, katika jiji hilo hilo, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Kifungu cha 15 kinasema kila mtu ana haki ya kuwa na uraia, nacho cha 29 kinamkumbusha kwamba ana wajibu kwa jamii yake. Kwa maoni yangu, maadili ya uraia wa dunia yamo baina ya vifungu hivyo viwili: kuutambua utu wa mtu kabla ya kumwuliza kabila au cheti, na kuwajibika kwa madhara ya matendo yetu hata yanapowafika watu tusiowajua. Kuipenda nchi yako hakupingani na hayo.

Kipimo chake hakiko ng'ambo. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani, waliishi Kenya kwa miongo mingi bila vitambulisho. Hawakuweza kupiga kura wala kufungua akaunti ya benki, na vijana wao waliosoma walikosa kazi rasmi. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale hadi Nairobi, ndipo Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe stakabadhi hizo. Washona, wenye asili ya Zimbabwe, walisubiri hadi Desemba 2020. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023.