Bendera ya Kijani Haikutengenezwa Ikae Juu Milele

Katika shule nyingi za Kenya, Jumatatu asubuhi na Ijumaa huwa siku za bendera. Skauti husogea hadi mlingotini, wenzao wakasimama wima, na ile nyeusi, nyekundu na kijani yenye ngao katikati ikapanda taratibu. Zipo shule ambazo kando ya mlingoti huo pana mwingine, na juu yake hupepea kitambaa cha kijani chenye nembo ya Eco-Schools. Maana yake ni kwamba wanafunzi wa hapo wamejikagua wenyewe, wakapima taka, maji na miti yao, na wakaguzi walipofika wakaridhika.

Chimbuko la kitambaa hicho ni ufukweni. Mwaka 1985 nchini Ufaransa, miji ya pwani iliyosafisha majitaka na kulinda maji ya kuogelea ilianza kutunukiwa Bendera ya Buluu. Mwaka 1987, uliokuwa Mwaka wa Mazingira barani Ulaya, shirika ambalo leo linaitwa Foundation for Environmental Education liliitandaza tuzo hiyo katika nchi 10. Fukwe 244 na bandari 208 za mashua za burudani zilipata bendera mwaka huo wa kwanza. Sharti lilikuwa zito: bendera ni ya msimu mmoja tu, na masharti yakivunjwa katikati ya msimu, inateremshwa mbele ya watu.

Hapo ndipo ninapoona busara ya waanzilishi. Cheti kikishapigiliwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu, hukaa miaka 20 hata kama bustani iliyokileta imegeuka kuwa jalala. Bendera hutazamwa na kila apitaye, na isipokuwapo watu huuliza imekwenda wapi.

Wazo hilo lilifika shuleni baadaye. Mkutano wa mazingira wa Rio wa 1992 uliweka elimu ya mazingira katika sura ya 36 ya mpango wake, Ajenda 21. Miaka miwili baadaye, 1994, shirika lile lile lilianzisha Eco-Schools katika Denmark, Ujerumani, Ugiriki na Uingereza. Hatua ni 7, ya kwanza ikiwa kuunda kamati ambayo wanafunzi wana sauti ndani yake. Mwaka 2001 neno Ulaya liliondolewa katika jina la shirika na mabara mengine yakakaribishwa. Nchini Kenya mpango huu husimamiwa na Kenya Organization for Environmental Education, KOEE. Bendera ya Kijani nayo ilirithi sharti la ufukweni: kwa kawaida hudumu mwaka 1 au 2, kisha shule hukaguliwa upya.

Sasa tuuangalie mlingoti wenyewe, maana shule hujiandaa sana kwa ukaguzi, halafu siku ya sherehe bomba lolote lililoko stoo hufukiwa ardhini haraka haraka. Upepo ukiongeza kasi mara 2, nguvu yake huongezeka mara 4, na kitambaa kilichoko kileleni ndicho kinachoushika. Mlingoti wa mita 6 unatosheka na bendera yenye urefu wa mita 1 na nusu. Kinachoua mlingoti ni shina lake: chuma huliwa na kutu pale kinapoingia kwenye zege, kwa kuwa maji hutuama hapo, na mti huoza au huliwa na mchwa usawa wa ardhi huku juu ukionekana mzima. Zege liinuliwe kidogo kuzunguka shina ili maji yatiririke, na fundi akague kila muhula.

Mlingoti usimame mbali na nyaya za umeme, umbali unaozidi urefu wake, ili hata ukianguka usiziguse. Kamba ya kupandishia, ambayo mabaharia wetu huiita henza, isizungushwe mkononi mwa mtoto siku ya upepo. Ikinasa kwenye kapi kule juu, asitumwe mwanafunzi kuparamia, hata awe hodari kiasi gani. Na ngurumo ikisikika, gwaride livunjwe, watoto waingie ndani ya jengo imara. Kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi sana duniani. Bendera ibaki juu ilowe. Kitambaa hukauka.

Kuhusu heshima: bendera ya taifa haiwekwi chini ya nyingine. Zikiwa mbili, kila moja ipewe mlingoti wake, na ya kijani isiipite ya taifa kwa kimo wala kwa ukubwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni bendera iliyoachwa juu hadi ikawa matambara. Nyingi hushonwa kwa poliesta, nayo ni plastiki. Ukingo ulio mbali na kamba huanza kufumuka, nyuzi zikapeperukia kwenye bustani ile ile iliyoleta tuzo. Nahodha hakunji tanga baada ya kuchanika. Shule nayo iishushe bendera pepo kali zinapoanza, uzi wa kwanza ukichomoza ukingo ukunjwe na kushonwa tena, na likizo ikifika ikunjwe ikae kabatini. Kazi hiyo ikabidhiwe kamati ya wanafunzi, na tarehe ya bendera kuisha muda iandikwe kwenye daftari lao, ukurasa wa kwanza.