Ibn al-Nafis na Njia ya Damu Mapafuni

Ndugu zetu Waislamu, kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walimfuata Galen, aliyesema kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kwa vitundu visivyoonekana. Hata Ibn Sina hakuachana naye. Mwaka 1242, akiisherehesha Kanuni ya Ibn Sina huyo huyo, Ibn al-Nafis, tabibu na mwanachuoni wa fiqhi ya Kishafii, aliandika kuwa ukuta wa kati wa moyo ni mnene, hauna tundu: damu haina budi kwenda mapafuni, ikachanganyike na hewa, ndipo irudi kushoto. Ajabu ni sisi, tulioiacha kauli hiyo ikasahaulika, hata mwaka 1924 tabibu wa Kimisri, al-Tatawi, akaikuta katika maktaba ya Berlin.