Gari ya zamani na vantilatere ya radiatere: namna ya kutambua imekufa na namna ya kuibadilisha

Kwenye barabara za Mashariki mwa Kongo, gari iliyosimama kando ya njia, kapo wazi na moshi mweupe unapanda, haishangazi mtu tena. Inaonekana kwenye mpando wa Ngomo kati ya Kamanyola na Nyangezi, inaonekana Kabasha upande wa Lubero, inaonekana hata katikati ya mji saa ya foleni. Mara nyingi shofere anatafuta bidoni ya maji, anaongeza, anaendelea. Kesho yake inarudia. Siku moja motere inakatika kabisa, na matengenezo yake yanaweza kukaribia bei ya gari yenyewe.

Mara nyingi kosa haliko kwenye maji. Liko kwenye vantilatere.

Kazi ya vantilatere

Maji yanazunguka ndani ya motere, yanabeba moto, yanapita kwenye radiatere ili yapoe. Gari ikitembea kwa mwendo, upepo wa njia unatosha kupoza radiatere. Gari ikisimama, ao ikipanda mlima polepole na mzigo, upepo ule haupo. Hapo vantilatere ndiyo inavuta hewa.

Kwa magari mengi madogo ya miaka ya 1990, kama vile Toyota Corolla na Carina, vantilatere inazungushwa na motere ndogo ya umeme. Kuko kontakti ya moto inayosikia joto la maji, yakifika karibu digri 93, vantilatere inawaka, yakipoa, inazimika. Hilux na Land Cruiser nyingi haziko hivyo: vantilatere yao inazungushwa na motere yenyewe kupitia mkanda. Maelezo ya hapa ni ya ile ya umeme.

Jambo la urefu wa nchi nalo ni la kujua. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Kwa urefu ule maji ya wazi yanachemka kwenye digri 95 hivi, hayangoji 100. Maana yake, kama kifuniko cha radiatere kimechoka na hakishiki presha, maji yanaanza kuchemka karibu saa ileile vantilatere inawaka. Kifuniko kizuri, chenye alama ya 0,9 kwa Toyota nyingi, kinafanya maji yapite digri 110 bila kuchemka. Kwa hiyo anayebadilisha vantilatere aangalie na kifuniko.

Kutambua kosa mbele ya kununua

Dalili kubwa ni moja: mshale wa moto unapanda gari ikisimama ao ikienda polepole, kisha unashuka ikishika mwendo. Kama ni kinyume, inapanda moto kwenye mwendo mkali, kosa linaweza kuwa radiatere iliyoziba, pompi ya maji ao termostati. Hapo kununua vantilatere ni kutupa pesa.

Fundi mzuri anafuata mstari huu:

1. Fizibo. Kwa Toyota nyingi ni ya ampere 30, ndani ya kisanduku karibu na batri. Ikiungua, usiweke waya ya shaba mahali pake. Fizibo inaungua juu ya sababu fulani.
2. Rele. Kwenye kisanduku kilekile mara nyingi kuko rele ingine ya namna moja. Zinabadilishana mahali ili kujaribu.
3. Kontakti ya moto. Kwa Toyota nyingi za miaka ile, motere ikiwa baridi na ufunguo ukiwa kwenye kontakti, ukichomoa plagi ya kile kipande, vantilatere inapaswa kuzunguka. Ikizunguka, basi yenyewe ni nzima, na kosa linaweza kuwa kwenye kontakti ya moto.
4. Motere ya vantilatere. Inachomolewa plagi yake na kuunganishwa moja kwa moja na batri kwa nyaya mbili nene. Isipozunguka, ao ikizunguka kwa kulia na kukwama, imekufa.

Katika majaribio haya mikono na nguo vikae mbali na mabawa. Vantilatere ya umeme inaweza kuwaka hata motere imezimwa.

Kuibadilisha

Kwanza motere ipoe, saa moja ao zaidi. Kufungua kifuniko cha radiatere yenye moto kunarusha maji yanayochemka usoni, na watu wameungua hivyo. Kisha nyaya ya kutoa ya batri inafunguliwa.

Maji yanatolewa kidogo kwa kirobine cha chini ya radiatere, yashuke chini ya tiyo ya juu, juu tiyo ile mara nyingi inazuia vantilatere kutoka. Kama ni maji ya rangi ya kupoza, yawekwe mbali na watoto, mbwa na kuku: ni matamu lakini ni sumu.

Plagi inachomolewa. Boloni zinazoshika kizingo cha plastiki zinafunguliwa, kwa kawaida na ufunguo wa 10, na kizingo kinavutwa kwenda juu pamoja na vantilatere. Kipande cha karto mbele ya radiatere kinalinda zile bati nyembamba zisikunjwe.

Kwenye meza, mabawa yanatolewa, kisha visi za motere. Piesi mpya, ao ya okazyoni, ilinganishwe na ya zamani mbele ya kulipa: matundu ya visi, upana wa mabawa, upande yamelala, na plagi. Tena ijaribiwe kwa batri palepale dukani. Muuzaji anayekataa jaribio ametoa jibu tayari.

Wakati wa kurudisha, visi zote zinaanzwa kwa mkono, kisha zinakazwa. Mabawa yazungushwe kwa kidole, yasiguse kitu.

Jaribio la karatasi

Nyaya zikigeuzwa, vantilatere inazunguka kinyume. Inapiga kelele sawa na nzima, lakini inasukuma hewa mbele, inapigana na upepo wa njia. Kwa vantilatere iliyo nyuma ya radiatere, karatasi ikiwekwa mbele inapaswa kushikwa na kubaki imenata. Ikisukumwa, nyaya zigeuzwe.

Kisha maji yanajazwa, kifuniko kikiwa wazi na shofaji ya ndani ikiwa kwenye moto wa mwisho, ili hewa itoke. Maji ya ziwa na ya mto yanaacha kutu na chumvi. Maji ya kupoza ya dukani ndiyo bora, na yakikosekana, ya mvua yaliyo safi. Tiyo ya juu ikipata moto na mapovu yakiisha, kifuniko kinafungwa. Gari iachwe imesimama hadi vantilatere iwake na izimike yenyewe, mara mbili. Hapo kazi imeisha.

Ile ya « direct »

Wengi wanaunga vantilatere moja kwa moja, na suishi ndani ya gari ao bila suishi kabisa. Inasaidia kufika nyumbani. Lakini nyaya nyembamba bila fizibo inaweza kuchoma gari nzima, na suishi ikisahauliwa motere inapanda moto bila shofere kujua. Kama hakuna njia ingine, iwekwe rele, fizibo na nyaya nene.

Ikikufia njiani

Klimatizere izimwe, shofaji ifunguliwe mpaka mwisho: inatoa sehemu ya moto kwenye motere, hata kama abiria watalalamika. Mshale ukikaribia alama nyekundu, gari isimame na kuzimwa. Maji baridi yasimwagwe kwenye motere ya moto, kulasi inaweza kupasuka. Nusu saa ya kungoja kando ya njia ni ndefu kwa shofere wa taksi. Kwa motere, ndiyo tofauti kati ya kutengenezwa na kutupwa.