Birika la Bialetti na Mfuko Mdogo

Mtu wa kipato kidogo akisema anataka kunywa espreso nyumbani kwake, jambo la kwanza analoambiwa ni bei ya mashine, na mara nyingi bei hiyo humkata hamu papo hapo. Mimi nimeambiwa hivyo zaidi ya mara moja, tena na watu wanaonitakia mema. Lakini, ndugu msomaji, ukiifuata historia ya kinywaji hiki utaona kwamba suala la mfuko mdogo si geni. Waitalia wenyewe, ambao dunia nzima huwahesabu kuwa mabingwa wa espreso, kwa miaka mingi waliinywa kwenye baa, na walipotaka kahawa kali nyumbani walitafuta njia nyingine.

Mashine ya espreso ilibuniwa kwa ajili ya mwenye baa, aliyekuwa na wateja wengi wenye haraka. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa mji wa Torino alipata hataza ya mtambo wa kupika kahawa nyingi kwa mkupuo kwa msaada wa mvuke. Kisha mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano akabuni mashine iliyompikia kila mteja kikombe chake. Desiderio Pavoni akainunua haki ya uvumbuzi huo, na kufikia mwaka 1905 alikuwa anaziunda na kuziuza. Yalikuwa madude marefu ya kung'aa, na nguvu yake yote ilikuwa ni mvuke tu, yaani mgandamizo wa kiasi cha mara moja na nusu hadi mara mbili ya ule wa hewa. Povu la rangi ya dhahabu ambalo leo watu hulitazama kwanza kabla ya kuonja halikuwapo. Lilikuja na Achille Gaggia, aliyeanza majaribio yake kabla ya vita na kuleta mashine yake ya mkono wenye springi mwaka 1948. Hapo maji yakaanza kusukumwa kwa mgandamizo wa takriban mara tisa ya ule wa hewa.

Wakati mashine hizo zikiwa mali ya baa, jikoni kulikuwa na hadithi yake. Alfonso Bialetti alikuwa fundi aliyejifunza kazi ya alumini nchini Ufaransa, akarudi Italia na kufungua karakana huko Crusinallo, Piemonte, mwaka 1919. Mwaka 1933 karakana hiyo ikatoa birika la pembe nane lililoitwa Moka, kwa kumbukumbu ya bandari ya Yemen iliyosafirisha kahawa kwa karne nyingi. Maji hukaa chini, unga wa kahawa katikati. Mvuke ukijaa chini huyasukuma maji yapande kupitia kwenye unga, na kahawa humiminikia chumba cha juu. Hakuna pampu wala umeme. Kabla ya vita birika hilo liliuzwa kwa uchache, sana sana kwenye masoko ya huko huko. Aliyelipeleka katika kila nyumba ni mwanawe, Renato, baada ya vita, kwa matangazo mengi. Renato alipofariki mwaka 2016, majivu yake yalizikwa ndani ya chombo chenye umbo la birika hilo.

Wajuzi watasema kahawa ya birika si espreso, na kwa kipimo cha Gaggia wana haki. Lakini mgandamizo wa birika la Moka haupishani sana na ule wa madude ya Pavoni, na kahawa ya Pavoni iliitwa espreso kwa zaidi ya miaka arobaini, bila povu, na hakuna aliyelalamika kwamba ametapeliwa jina. Mwenye birika anakunywa espreso ya zamani, basi.

Nami nina sababu ya kuung'ang'ania mwaka huo wa 1933. Ndio mwaka ambao wakulima wa Kilimanjaro waliingia katika chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kilichorithi chama cha mwaka 1925 ambacho kiliundwa, pamoja na mengine, kuwalinda dhidi ya walowezi waliotaka Waafrika wazuiwe kulima arabika. Walishinda, wakalima, wakauza. Hata hivyo, katika nyumba niliyokulia mimi, mlimani huko huko, tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ada ya shule na mabati ya nyumba. Kuikaanga na kuinywa ingekuwa sawa na kuchoma noti. Watu wa pwani, ambao hawana hata mche mmoja, ndio walionifundisha kunywa kahawa, chungu, kwa finjani na kashata, mezani kwa muuza kahawa.

Kwa hiyo nilipopata birika la mtumba sokoni, mpira wake ukiwa umekauka, nilinunua mpira mpya na nikaenda kuomba kahawa safi nyumbani. Huikaanga kwenye kikaango mpaka ipasuke kama bisi, huiacha siku mbili, kisha huisaga kwa kinu cha mkono. Kama fedha ni kidogo, iende kwenye kinu kwanza, maana unga wenye chembe zisizolingana hauokolewi na mashine yoyote. Unga uwe kama chumvi ya mezani, usishindiliwe. Maji yasifunike kile kivalvu cha usalama ubavuni. Moto uwe mdogo, na birika likianza kukoroma, liondolewe; anayesubiri mpaka liishe kukoroma anajipikia uchungu wa bure.

Mama, ambaye amechuma buni tangu alipoolewa, nilimpikia kikombe kutoka mibuni yake mwenyewe. Alikinusa kwa muda, akatia sukari vijiko vitatu, akanywa polepole mpaka akamaliza. Kisha akalifungua birika, akaugeuza ule mpira mkononi, akauliza kama Moshi unapatikana.